Kahawa Isiyochumwa

Jumapili baada ya kanisa, Emmah alimpeleka mama yake, Warigia, kwenye bustani ya miti na sanaa nje ya Ruiru. Zamani hapo palikuwa shamba la kahawa, na Warigia alichuma humo tangu usichana wake hadi shamba likauzwa. Siku hizi analima kibarua kule Gatuanyaga. Magoti yamekwisha, na Emmah amemsihi aache mpaka mate yakamkauka. Leo hakutaka kumsihi tena. Alitaka tu mama aonje siku moja ya kukaa bure.

Lakini mazoea yana tabu. Walipita ndege wa chuma wakubwa kama nyumba, wakapita watu wa mawe wasio na vichwa, na Warigia akawa anatazama viatu vyake tu. Alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauutoi.

"Kesho Njau anataka tumalize kupalilia," alisema.

Huyo Njau, tajiri wake wa Gatuanyaga, na mahindi yake alikuwa amemchosha hata Emmah.

Nyuma ya mianzi walikuta mstari wa mikahawa umezungushiwa kamba. Kahawa imeiva nyekundu, nyingine imetapakaa chini. Warigia akasimama.

"Woi! Nani ameacha hii imwagike?"

Enzi zake, ukidondosha kahawa uliinama ukaokota yote kabla ya kupima, nyapara amekusimamia kichwani. Emmah hajasema neno, mama keshapita chini ya kamba, amefunga leso kiunoni, anaokota akitia humo. Alipomaliza chini akahamia matawini, nyekundu anachuma, kijani anaacha.

Adan, mlinzi, akaja mbio.

"Shosho, hiyo haichumwi! Ni sanaa. Mwenye kuitengeneza alisema iive, ianguke, basi."

"Na ikianguka, nani anagombezwa?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, shosho."

Warigia akaketi chini kwenye udongo. Machozi yakamtoka, ya hasira, kwa miaka yote aliyoinamia punje moja iliyoanguka. Emmah akainama amwinue, mama akakataa. Akafungua leso, kahawa ikamwagika miguuni pake, asiokote hata moja.

"Emmah, pigia Njau simu. Mwambie kesho siji."

"Na kesho kutwa, maitu?" Emmah akamwuliza mama yake.

"Mwambie atafute mtu mwingine."