Boksi la Vitabu Juu ya Mahindi

Boksi la vitabu vya watoto nililiweka darini, juu ya mahindi. Naandika hivyo haraka ili aibu ipite. Kwetu kitu cha thamani hupandishwa darini, moshi wa jikoni ukilinde na wadudu. Lakini mtu aliyemaliza kidato cha nne, aliyekulia chini ya dari hilohilo, asijue nani mwingine anaishi huko juu!

Vitabu alinipa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi hapa Gendabi. Shule haikuwa na kabati, na mimi sina safari. Hata ng'ombe wangu wametembea kuliko mimi.

"Wewe nyumbani unapatikana siku zote," alisema. "Waazime watoto wote. Hasa wa wafugaji, maana Kiswahili wanakikuta shuleni."

Nikatikisa kichwa kukubali, kana kwamba sisi wakulima tulizaliwa nacho.

Watoto wa kwetu wakaazima. Mmoja alikwenda na chake Mogitu kwa shangazi yake, likizo nzima, wala sikumuuliza neno.

Kisha akaja binti wa jirani yangu mfugaji, wa darasa la saba. Alikuwa amenawa mikono hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia mnahama."

"Kesho kutwa. Tunafuata majani. Naomba kile cha hesabu nisome huko. Siku za mtihani nitarudi nacho."

"Kwani mbuzi wenu nao wanasoma hesabu?"

Nilicheka peke yangu. Nikamwambia vitabu vyangu havihami, akirudi atavikuta. Vyangu, nilisema. Akajibu, "Asante, baba." Asante hiyo bado inanijia nikishika kikombe cha chai.

Alikaa huko wiki nyingi bila ukurasa wa kusoma. Akarudi, akafanya mtihani, hakufaulu. Wenzake walipoanza kidato cha kwanza, walipita na sare mpya pale anapochunga ndama. Nilikuwa mlangoni, kama kawaida yangu. Niliona akiwageuza ndama upande wa pili, ingawa upande ule hauna majani.

Juzi mama yake alikuja. Hakuleta lawama. Aliomba kitabu cha hesabu kwa ajili ya mdogo wake yule binti, kabla hawajahama tena. Nilipanda darini mbio, kama mtu aliyeitwa kusamehewa. Tangu ule mtihani sikuwa nimeligusa boksi. Nikakuta limetobolewa pembeni, na vile vitabu vimekuwa tandiko la vitoto vya panya, vyekundu, macho hayajafunguka.

Nilishuka nalo, nikaliweka miguuni pake. Aliangalia ndani. Kisha akasema:

"Mwanangu ulimnyima kwa sababu tunahama. Panya hawahami, hao umewaazima."