Walipotupanga kwa Kimo

Mdogo wetu wa mwisho ameingia sekondari mwaka huu, hapa Butembo. Jioni anasoma masomo yake kwa sauti huku mimi nikichambua maharagwe. Jana alisoma, "Beni is hotter than Butembo." Beni kuna joto kuliko Butembo. Ni kweli, rafiki yangu, wewe mwenyewe unajua. Lakini mikono yangu ilisimama juu ya ungo, kwa sababu sentensi za namna hiyo nilijifunza Mavivi, karibu na uwanja wa ndege wa Beni, wakati baba na mama walikuwa hai.

Darasa letu lilikuwa la mbao, na ndege ikishuka uwanjani mwalimu alinyamaza mpaka mlio uishe. Alikuwa ameishi miaka mingi upande wa Uganda. Kulinganisha kwa Kiingereza alitufundisha kwa vitu: aliweka kabichi ya Masereka, kule milimani zinakonenepa, karibu na ya Beni, nasi tukasema ipi kubwa zaidi. Kisha alitutoa nje na kutupanga kwa kimo, kila mmoja ajilinganishe na aliye karibu naye: mrefu kuliko, mfupi kuliko, sawa na.

"Mwalimu, huyu hapana murefu, ni viatu ya baba yake!" jirani yangu wa benchi alipiga kelele, akininyoshea kidole.

"Na weye, kabichi ya Masereka inapita kichwa yako!" nilimjibu.

Mwalimu alidai niirudie kwa Kiingereza. Niliirudia bila kosa, naye akasema mbele ya wote kwamba nitakuwa mwalimu. Nilikimbia nalo neno hilo hadi nyumbani, ambako mama alikuwa akikoroga sombe, majani ya muhogo yenye mawese, na harufu yake ilinipokea njiani.

Mama alikufa kwa ugonjwa. Baadaye baba alienda kuvuna kakao na hakurudi; vita vilimkuta shambani. Matanga yalipokwisha, ndugu zake walikaa uani kugawana watoto, kama ilivyo desturi. Walitupanga sisi wanne, tena kwa kimo.

"Huyu iko na nguvu kupita benzake. Aende na miye Kamango, ku shamba," baba mkubwa alisema, akimshika bega anayenifuata.

"Haka ka pili nitakachukua miye," tantine, dada yake baba, alisema. "Katanisaidia ku duka."

"Mais sasa huyu mudogo? Anakohoa kila siku!" mwingine aliuliza.

Mdogo hakutakiwa na mtu. Alinishika sketi kwa mikono yote miwili. Mimi peke yangu nilikuwa na pa kwenda kusoma: mwalimu na mkewe walikubali kunichukua kwao.

"Papa," nilimwambia baba mkubwa, "hapana kutugawa. Batoto banabakia na miye."

"Utabalisha nini? Kiingereza?"

Walicheka wote, isipokuwa bibi, mama yao. "Mumuache," alisema. "Yeye njo mukubwa."

Juma lililofuata mwalimu alinikuta nikitwanga sombe. Sikuacha mchi. Nilimwambia nitarudi darasani siku wa mwisho wetu atakapoingia sekondari.

"Donc basi, nakungojea, mwanangu," alisema, akaenda zake.

Miaka imepita kwa maji ya kuchota, nguo za kufua na maharagwe ya kuuza. Vita vilitusukuma hadi Butembo, katika chumba kimoja, na kuna siku kuta zake zilinibana hadi nikatoka nje kupumua. Hakuna mtoto hata mmoja aliyegawiwa, na wale wawili wa kati sasa wanajitegemea.

Mwezi uliopita nilifika Mavivi kumtafuta mwalimu. Mbao za darasa zimeng'olewa, na palipokuwa mlango pameota magugu. Wengine wanasema mwalimu alikimbilia Kamango, wengine Uganda. Hakuna aliyenieleza kwa hakika.

Leo asubuhi mdogo alivaa shati jeupe na sketi ya bluu, akatoka na wenzake. Nilibaki mlangoni, nyumba kimya nyuma yangu. Sasa hakuna anayenishika sketi. Ninaweza kwenda, na sijui nimwendee nani.