Amina Iliyoibwa

Kosa la Bisibisi lilikuwa neno moja tu, tena neno zuri. Alikuwa amelisema tangu alipoanza kutamka, mezani, kitandani, makaburini, na halikuwahi kumdhuru. Siku ya usaili likamtoka kama chafya. Alipofika chini ya ngazi za ofisi ile, alitamani aung'oe ulimi wake autupe kwenye pipa la taka lililokuwa mlangoni.

Jina la Bisibisi alipewa na kaka yake. Utotoni hakuna kitu kilichofungwa kwa skrubu kilichosalimika mikononi mwake: redio, pasi, bawaba za kabati la mama. "Huyu si mtoto, huyu ni bisibisi," kaka alisema, na jina likamganda. Kaka alikuwa fundi wa vyumba vya baridi, vile vyumba vikubwa vya kuhifadhia nyama na dawa, na dada mtu akamfuata kwenye fani hiyohiyo. Masomo ya chuo aliyamaliza. Kilichobaki ni mafunzo kazini, na bila hayo cheti hakitoki.

Lakini kaka hakuwepo tena. Alikuwa juu ya paa la ghala, mikono ndani ya mashine, umeme umezimwa chini, mtu asiyejua kuwa kuna mwenzake juu akauwasha. Basi, ikawa hivyo. Muda mrefu kabla ya siku ile alikuwa akilalamika wakati wa kula kwamba ameomba swichi kuu iwekewe kufuli, ili anayepanda paani apande na ufunguo mfukoni. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilimjibu kwamba kufuli ni la maduka. Alipozikwa, kampuni hiyohiyo ikasema amekufa kwa uzembe wake.

Na nafasi ya mafunzo ilipatikana wapi? Hapohapo. Kwingine kote alikoomba walikuwa wamekwisha kujaza. Mjomba wake, ndugu wa mama, ndiye aliyekwenda kumsemea.

"Mjomba, kule siendi."

"Nenda ukawasikilize tu. Kusikiliza posa si kuolewa."

Akaenda.

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa na zulia jekundu na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Kampuni ya baridi, na baridi ya bosi inavuja! Siku nyingine Bisibisi angecheka. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa mtu wa sauti laini, na wafanyakazi walimwita Baba Maombi, maana kwake hata mkutano wa kugawana ofisi haukuanza bila sala. Alitoka nyuma ya meza akamshika mikono yote miwili.

"Karibu, binti yangu. Kabla ya yote, tumtangulize Mungu."

Bisibisi akafumba macho. Sala ilianza vizuri. Akaombewa afya, akaombewa akili, akaombewa mama. Kisha ile sauti laini ikapiga kona.

"Na marehemu kaka yake, ee Mungu, aliyeondoka kwa uzembe wake mwenyewe kwa kutowasikiliza wakubwa wake, umsamehe. Na familia hii uipe moyo wa kuridhika, isihangaike kutafuta wa kumlaumu. Tunaomba tukiamini."

"Amina," alisema Bisibisi.

Alilisema. Masikio yake yalikuwa bado yanasaga lile neno uzembe, na ulimi ukawa umeshafika. Nyumbani kwao sala haikuachwa hewani. Kutoitikia kulikuwa sawa na kumwacha mgeni anapiga hodi hadi achoke.

Maswali yaliyofuata aliyajibu kama mtu anayetafuna majivu. Mwisho Baba Maombi akatabasamu. "Nafasi ni yako. Jumatatu uanze. Ila hapa hatutaki maneno ya yaliyopita. Tumeyaweka mbele za Mungu, na wewe mwenyewe umeitikia Amina. Sivyo?"

Hapo ndipo alipoelewa. Mtu yule hakuwa akisali. Alikuwa akimtafutia Mungu kazi ya ushahidi wa kukodiwa, na sahihi ameipata.

Nyumbani alimkuta mama ameinama juu ya cherehani, na mjomba ameshika kikombe cha chai, tai yake shingoni kana kwamba ni yeye aliyesailiwa.

"Enhe! Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Mungu mkubwa!" Mjomba akapiga paja lake, chai ikamwagikia suruali, asijali.

Bisibisi akawaeleza yote. Cherehani ikanyamaza kwenye maneno "uzembe wake mwenyewe". Mama aliinua uso polepole.

"Na wewe ukaitikia."

"Ilinitoka, mama."

"Ilikutoka." Mama aliuvuta uzi akaukata kwa meno. "Mwanangu nimemzika mara moja. Sikujua kuna mazishi ya pili, na wewe ndiye uliyeshika koleo."

"Dada, jamani!" mjomba akaingilia. "Unamwonea mtoto. Amina ni neno tu."

"Neno tu? Kwa hiyo sisi tunaokesha magotini miaka yote hii tunapiga porojo?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Rudia uone."

Mjomba akameza mate, akamgeukia mpwa wake. "Sikiliza, mwanangu. Mkono mtupu haulambwi. Huna cheti, huna kazi, mama yako macho yanakwisha kwenye sindano. Kaa pale, nyamaza, chukua cheti chako, kisha uwatukane ukiwa mbali. Marehemu hatarudi hata ukigoma."

"Najua hatarudi!" Bisibisi alifoka, na kila mmoja akashtuka, hata yeye. "Kila mtu ananiambia hatarudi kana kwamba nimeficha tiketi yake! Harudi. Lakini jina lake lipo, mjomba. Watu wanalitembelea na viatu vya matope, na leo nimewafungulia mlango mimi!"

Mama aliinuka, akaikunja nguo aliyokuwa akiishona ingawa haijakwisha, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sikupangii. Ukienda, utakula chakula changu kama kawaida. Ukikataa, vilevile. Ila usiniletee hapa ndani habari kwamba yule bwana ni mcha Mungu."

Siku mbili zile Bisibisi hakuweza kusali. Alipiga magoti, akasikia ile sauti laini, akainuka. Hilo lilimkera kuliko yote. Kaka wamemchukua, jina wamelichukua, na sasa hata magoti yake mtu ameyawekea kiyoyozi chake kinachovuja. Alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Alimjibu vibaya jirani aliyemsalimu. Hesabu aliifanya kila upande na ilimpa jibu lilelile: akikataa, darasa lake litahitimu bila yeye, akikubali, kila asubuhi atavaa ovaroli na kuthibitisha kwamba kaka yake alijiua kwa ujinga. Alitaka ile kazi. Hapo ndipo ilipouma. Aliitaka kama mwenye kiu, na kisima kilikuwa cha yule bwana.

Jumatatu alivaa ovaroli akatoka. Mjomba akashukuru. Mama akaendelea kushona.

Pale kazini siku ilianza kwa sala uani, mafundi wamesimama duara kati ya mitungi ya gesi na jokofu bovu lililolala chali. Baba Maombi alikuwa katikati. Alipomwona alipanua mikono. "Huyu hapa binti yetu! Tumkaribishe, kisha tusali."

"Kabla hatujasali," alisema Bisibisi, na sauti yake ikatetemeka mpaka akaichukia, "nina neno. Ijumaa ofisini bosi alisali akasema kaka yangu alikufa kwa uzembe. Mimi nikaitikia Amina. Ile Amina naifuta. Hakuwa mzembe. Aliomba swichi iwekewe kufuli, mkamcheka. Wengine wenu mlikuwepo."

Jokofu bovu lilikuwa na maneno mengi kuliko wale mafundi. Kila mtu aliangalia buti zake. Mmoja alijikohoza. Bisibisi alizungusha macho kwenye duara lote, akisubiri hata pua moja iinuke juu, na hakuna iliyoinuka. Hawa walibeba jeneza! Walilia kwa sauti kuliko ndugu!

Baba Maombi hakupandisha sauti. "Binti ana majonzi," aliwaambia wenzake. "Tumsamehe."

"Usinisamehe!" Sasa sauti haikutetemeka tena. "Sijakukosea kitu. Nafasi naitaka, kazi naijua, nipe kama ulivyonipa. Lakini uongo juu ya kaka yangu sitauitikia, si leo, si kesho, hata uusali kwa machozi."

"Neno likishafika kwa Mungu halifutwi, binti yangu."

"Basi Mungu alisikia na la kwako."

Hapo ulaini ukamwisha Baba Maombi. Alionyesha geti kwa kidole, bila sala yoyote. Bisibisi akatoka. Nyuma yake alisikia duara likianza kusali, na mafundi wale, ambao sauti zilikuwa zimewapotea, wakaitikia kwa nguvu.

Watu husema ukishatoa la moyoni hasira hushuka. Uongo. Yake ilikuwa inapanda. Ilipanda naye barabarani, ikavuka naye njia panda, ikamfanya atembee upesi hata wauza matunda wakampisha. Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja chuoni, kwa mwalimu aliyekuwa akiwatafutia wanafunzi nafasi, akamkuta anakunywa maji dirishani.

"Wewe si unaanza leo?"

"Nimeanza na nimemaliza, mwalimu."

Akamweleza kila kitu, na hakuruka lolote, hata lile neno zuri lililomponza. Mwalimu alisikiliza, akaiweka chini bilauri yake, akasugua paji la uso.

"Darasa lako litakutangulia, maana nafasi kwingine hazifunguki tena mpaka mwakani. Unajua?"

"Najua." Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa mkono wa ovaroli kwa hasira.

"Na wenye kampuni nyingine wanafahamiana na huyo bwana. Wataniuliza kwa nini uliondoka. Niwaambie ulikuwa mgonjwa? Au msiba ulikuzidi? Hilo watalielewa."

"Hapana. Waambie nilikataa kuitikia uongo juu ya kaka yangu."

"Watakukataa."

"Watakaonikataa kwa hilo, mwalimu, nisingedumu kwao hata wiki. Anza kuwapigia."