Siku Nilipowaita Ng'ombe wa Litapunga kwa Kompyuta

Nyie mnaoniona leo nimekaa nimetulia, nawaambia bado nikisikia ng'ombe wakilia karibu na ofisi uso unaniwaka kwa aibu. Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, Kashaulili, kwenye ofisi ndogo ya mradi wa mifugo, na tulikuwa na ajabu moja mjini: barua pepe iliyokwenda kwa redio kolu. Unaandika hapa, jenereta inanguruma nje, redio inalia kama chura, halafu Kulwa, karani wetu wa kituo cha Litapunga, anayasoma maneno yako kwenye kompyuta yake inayotumia betri ya gari. Maneno yamepita juu ya miti yote ile! Mimi niliyekuwa naiendesha nilikuwa bado sijaizoea.

Basi nikajifanya fundi. Nikaunda kijiprogramu cha kupachika kwenye ile programu ya barua pepe, fomu yenye kisanduku cha ujumbe na kitufe cha kutuma chini yake. Asubuhi nikaijaribu, nikaandika upuuzi wa kwanza uliokuja kichwani, "Leteni ng'ombe wote Kashaulili leo", nikabonyeza Tab, fomu ikayashika maneno vizuri, sikuyatuma. Kazi ingeishia hapo. Lakini mimi na mapambo! Nikaona kitufe kile chini kimekaa kishamba, nikakihamishia juu kabisa, kwenye mstari wa vitufe vya programu yenyewe, kipendeze.

Mara akaingia bwana mifugo, tuliyezoea kumwita Dakta, jasho linamtoka. Litapunga kuna ng'ombe wanakohoa, anahofia homa ya mapafu, na homa ile ng'ombe mzima anaipata kwa kukaa na mgonjwa.

"Dada, waambie kila mtu abaki na ng'ombe wake zizini. Wakichanganyika tumekwisha."

Nikafuta yale ya asubuhi, nikaandika hayo, nikayaona kwa macho yangu haya, nikabonyeza kitufe changu kipya. Kulwa akajibu: "Sawa, tunakuja wote."

Mnakuja wapi? Nikaandika, "Msije!" Nikatuma. Akajibu: "Tumeona, tunaharakisha." Nikaandika tena kwa herufi kubwa (kana kwamba nampigia kelele mlevi), nikatuma. Kimya. Nikamwita kwa sauti kwenye redio, kimya. Kulwa naye ana ng'ombe, kumbe alishausoma wa tatu akaondoka nao.

Ndipo nikafungua nakala za barua nilizotuma. Zote tatu ni zile zile: leteni ng'ombe wote Kashaulili leo. Kisanduku kilikuwa kinakabidhi maneno pale tu unapokiacha, ukibonyeza Tab au kitu kingine ndani ya fomu. Kitufe cha zamani kilikuwa ndani ya fomu. Hiki cha mapambo kilikuwa nje, kwa hiyo kisanduku kilidhani bado naandika, kikanionyesha maneno mapya huku kikituma ya asubuhi. Kadiri nilivyowazuia ndivyo nilivyowaita.

Dakta akanipakia kwenye pikipiki bila hata kunitukana. Tulipoipita Shanwe, njia ya Litapunga, tukaona vumbi, halafu tukasikia kengele, halafu wakatokea. Jamani! Pembe baada ya pembe, barabara imejaa mpaka vichakani, ardhi inatikisika, na ni maneno yangu, ya utani, yaliyowaamsha. Mwili ulinisisimka. Niliogopa, lakini nisiwadanganye, nilistaajabu kuliko nilivyoogopa.

Mbele alikuwa Mzee Luhende, mfugaji wa Litapunga, na ng'ombe wake wazima, anakaribia mto. Nyuma, mbali kidogo, ndio wale wanaokohoa. Wangefika wote kwenye maji yale, mzee angekuwa amepoteza zizi lake lote. Dakta akasimamisha pikipiki katikati ya njia, akamgeuza Luhende na ng'ombe wake upande wa mashamba.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Mimi ndiye niliyewaita, na sikutaka mje."

Akanitazama, akawatazama ng'ombe. "Marahaba. Yaani wewe binti umekaa kwenye kiti huko, na ng'ombe wangu wakatembea?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Umetuita mara tatu! Kwetu mtu akiita mara tatu hatuulizi, tunatoka."

Watu wakacheka, Kulwa akiwa wa kwanza. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni, makundi yakiwa yamerudishwa Litapunga moja moja, nilikirudisha kitufe kule chini kwenye ushamba wake, nikatuma kwa adabu, nikakagua na nakala: Dakta anakuja kesho, ng'ombe wabaki zizini. Kesho yake tulipofika Litapunga mazizi yalikuwa matupu, ng'ombe wote wamekwenda malishoni, kila kundi upande wake kwa bahati.

"Mzee, ujumbe hamkuupata?"

"Tuliupata," akasema Luhende. "Umeita mara moja tu, tukajua bado unajaribu."

Tulikaa mpaka jua linakuchwa tukiwangoja warudi. Tangu siku ile sijawahi tena kujaribu kisanduku chochote kwa maneno ambayo siwezi kuyasimamia mbele ya ng'ombe.