Mkate wa Mama Pascaline

Nyumbani kwa karani Hippolyte, pale Kasongo, chakula kilikuwa tele. Lakini binti yake alikuwa anakonda kama mtu aliyepotea porini.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji huko Kongo.

Mtoto aliitwa Marie-Louise. Mikono njiti, tumbo ngoma. Akila tu, anaharisha. Mama yake mzazi alikwisha kufariki, na aliyemlea ni Pascaline, mke mpya wa Hippolyte.

Mama wa kambo. Maneno hayakukawia.

Siku moja nyanya yake, mzaa mama, akafika kutoka Kabambare. Alimtazama mtoto, kisha akamgeukia Pascaline.

"Alipokaa kwangu alikuwa na nguvu. Hapa kwako iko anakauka. Unamutilia nini?"

"Mama, ninamupatia vile vizuri vyote."

Na ilikuwa kweli. Hippolyte alitaka nyumba yake iishi kizungu, na Pascaline alijifunza kuoka kwa masista. Asubuhi mkate, jioni uji wa unga wa ngano. Mtoto akizidi kudhoofu, alimkatia kipande kikubwa zaidi.

Nyanya akambeba mjukuu, akaondoka naye.

Mvua zilipoanza, habari zikaja: Marie-Louise anakula, anacheza, anakimbia.

Pascaline alifurahi, halafu furaha ikakatika. Maana habari zilikuja na neno la pili. Wajomba wa mtoto wanamngoja yeye, Pascaline, na mwavi, ile sumu ya kumpima mchawi.

Serikali ilikuwa imepiga marufuku mwavi. Lakini nyuma ya nyumba za watu, serikali ilikuwa haifiki. Anayetuhumiwa anakunywa. Akitapika, hana hatia. Akifa, basi, ndiye.

"Usiende," Hippolyte alimwambia. "Nitawashitaki."

"Nisipokwenda, watasema nimekubali."

Akaenda Kabambare. Alipiga magoti mbele ya nyanya, yule mama mzee.

"Mama, niache nimupikie hapa, mbele ya macho yako. Siku tumbo lake litaharibika, nitakunywa."

Mama mzee alimwambia asimame. Kisha akamwonyesha jiko.

Pascaline akapika bugali wa muhogo, sombe ya majani yake, samaki. Mashavu ya mtoto yakajaa. Hata wajomba wakaanza kumwamkia, ingawa kibuyu cha mwavi hawakukitupa.

Ndipo Hippolyte akaja kuwachukua, na zawadi mkononi: mkate wa masista, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Marie-Louise alirukia mapaja ya baba yake, akala mpaka akashiba.

Jua halijazama, mtoto akajikunja. Akatapika. Akaharisha.

Mjomba mkubwa, Yakubu, aliingia ndani taratibu, akatoka na kibuyu.

Pascaline akakipokea.

"Nilisema nitakunywa."

"Ngoja," mama mzee akasema. "Leo haukupika. Mutoto amekula nini?"

"Mukate wa papa," Marie-Louise akajibu kwa shida.

"Na kule Kasongo ulikuwa unamulisha nini, Pascaline?"

Pascaline alikishusha kibuyu.

"Mukate. Kila siku. Mimi mwenyewe nilikuwa ninaoka."

Mama mzee alimnyang'anya kibuyu, akamwaga mwavi chini.

Watu wakashusha pumzi, wakamshika mabega, wakamwambia amepona. Pascaline hakuwasikia. Alikaa chini vumbini, anatazama viganja vyake. Wajomba hawakukosea yote. Kweli ulikuwa mkono wake.

Miaka baadaye daktari mmoja aliwaeleza: kuna matumbo ambayo ngano inayachuna kwa ndani. Dawa ni kuiacha kabisa. Hata chembe, hata uji uliopikwa kwa unga wake, hata bia ya shayiri.

Marie-Louise aliishi, akazaa, kwa wali na bugali. Pascaline hakuoka tena. Na watu walipomsifu kwamba alimwokoa mtoto, alikuwa anainuka na kutoka nje.

Ndugu yangu, mgonjwa akizidiwa, uliza kwanza anakula nini. Habari ya nani anamchukia inaweza kungoja. Maana wa kumwua anaweza kuwa ndiye anayempenda kuliko wote, na yeye mwenyewe hajui.