Mchango wa Ijumaa

Valerian alikuwa muuza vyombo, na nyumbani kwake alikuwa na kikombe kimoja, sahani moja na kijiko kimoja. Usimcheke. Mtu anayelala kwake siku mbili kwa wiki, na hizo mbili akiwa peke yake, hana sababu ya kupanga vikombe kabatini. Chumba chake kilikuwa nyuma ya reli pale Korogwe, kwenye nyumba ya mzee Mathias, na bidhaa zilijaa mpaka uvunguni mwa kitanda: masufuria, mabeseni, chupa za chai, vikombe vilivyofungwa kwa magazeti. Vyote vilikuwa vya watu ambao hajakutana nao bado.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka magulioni. Leo yuko Mkata, kesho Kabuku, na Jumamosi yuko ndani kabisa ya Handeni, kule ambako wafugaji hufika na mifugo yao na wake zao hununua masufuria makubwa ya kuchemshia maziwa. Huko walimwita Baba Sufuria, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wauzaji wenzake. Chombo kikiwa na kasoro, alikuonyesha kasoro yenyewe kabla hujaiona. "Hapa chini pamebonyea, mama. Itayumba kwenye mafiga. Chukua hii nyingine." Yordani, aliyekuwa akitandaza turubai lake jirani naye, alimwuliza siku moja, "Kaka, wewe umekuja kuuza au kuungama?" Valerian akatabasamu, akaendelea kufuta vumbi kwenye vifuniko. Hakuwa mtu wa kujibizana. Aliamini tu kwamba ukimpunja mnunuzi umempunja Mungu, na hilo alilichukulia kuwa jambo la kawaida, halina haja ya kuhubiriwa.

Alilelewa hivyo. Babu yake aliletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge, na familia ikaota mizizi Mazinde, kwenye nyumba za kambi. Mama yake, Grasiana, hakuwa na shamba wala ng'ombe, alikuwa na mshahara wa kuanika singa, nyuzi za mkonge, basi. Siku ya mshahara hakununua hata chumvi kabla hajatenga fungu la kanisa. Aliliweka kwenye kitambaa, akakifunga fundo, ndipo akavaa kanga ya kwenda dukani. Valerian aliiona desturi hiyo tangu hajajua kusoma, ikamwingia damuni.

Alipomwoa Evodia, binti wa Bungu kule milimani, waligawana dini kama watu wengine wanavyogawana kazi za nyumbani. Valerian alitoa, Evodia akaenda. Jumuiya ikisali, Evodia yupo. Kuna mgonjwa, Evodia amebeba uji. Kuna msiba, Evodia yuko jikoni na wenzake tangu alfajiri. Jioni alirudi na habari zote, nani kajifungua, nani kagombana na nani, na Valerian alizisikiliza huku anakula, akajiona naye alikuwepo. Ilikuwa ndoa nzuri. Mtoto hawakujaliwa, na hilo walikuwa wameshalilia likaisha.

Evodia alipofariki, ndugu zake walimzika Bungu. Valerian alirudi Mazinde akaikuta nyumba imenyamaza, haina hata mtu wa kuuliza umekula nini. Hakuweza kukaa. Akahamia Korogwe, karibu na mabasi ya kwenda Handeni, akaenda parokiani kujiandikisha kama mkristo mwaminifu anavyopaswa. Wakamwambia yuko Jumuiya ya Mtakatifu Monika, akaacha jina na namba ya simu.

Sasa hizi jumuiya, anayezijua anajua. Waumini wa mtaa mmoja hukutana Jumamosi alfajiri, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, wanasali, wanasoma neno, wanachanga kidogo, wanaulizana hali. Jumamosi alfajiri Valerian alikuwa Handeni. Kwa hiyo akafanya alichokijua. Kila Ijumaa jioni, popote alipo, alitoa simu mfukoni akamtumia mchango wake Dennis, mweka hazina wa jumuiya, na ujumbe uleule: "Tumsifu Yesu Kristo. Mchango wangu. Valerian." Dennis akajibu: "Milele amina. Mungu akubariki."

Hakukosa hata wiki moja. Ukitokea msiba, alituma. Akiuguliwa mtu, alituma. Padri akisherehekea jubilei, alituma ya kununulia mbuzi. Hakuna aliyethubutu kumwita mkono wa birika. Jumapili alisali misa katika kanisa lolote lililokuwa karibu na alipolala, akakaa benchi la nyuma, akatoka na mzigo wake. Na usiku wa kila Ijumaa alijilaza akiwa na amani, kwamba kesho asubuhi atakuwa miongoni mwa wenzake kwa namna yake.

Amani hiyo iliharibikia Handeni, gulioni, jua likiwa utosini. Valerian alikuwa anamfungia sufuria mteja wake wa siku nyingi, mama wa Kimaasai aitwaye Noonkipa, mara macho yakaingia giza. Alipozinduka alikuwa amelazwa kwenye kivuli cha turubai, na Noonkipa ameshika kibuyu cha maziwa karibu na mdomo wake. Ilikuwa malaria iliyochanganyika na njaa.

"Kunywa, baba. Pole pole," alisema Noonkipa. Kisha akachukua simu ya Valerian iliyokuwa imeanguka vumbini, akamkabidhi. "Sema, tupigie nani aje?"

Valerian alifungua simu. Majina yalikuwepo mengi. Wa mabeseni Tanga. Wa chupa za chai. Wa basi. Dennis Mchango. Alipitisha kidole juu mpaka chini, chini mpaka juu, na Noonkipa akisubiri. Mwisho Valerian akasema, "Acha tu, mama. Nitapona."

Alipona, lakini lile swali halikupona. Lilimfuata kwenye basi, lilimfuata kitandani. Aliona aibu, na chini ya aibu palikuwa na hofu hasa: kwamba siku moja ataanguka asiamke, na watu watashika simu yake wasijue wamwambie nani. Hakutaka tena fedha zake zijulikane bila yeye. Alitaka mtu mmoja tu wa mtaa wake aujue uso wake.

Akapiga moyo konde, akampigia mwenyekiti wa jumuiya, Mama Emiliana.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mama. Mimi Valerian, wa Mtakatifu Monika."

"Milele amina. Marahaba, baba! Valerian wetu! Tunakushukuru sana kwa moyo wako."

"Mama, naomba Jumamosi ijayo jumuiya isali kwangu. Siendi gulioni. Niko nyuma ya reli, kwa mzee Mathias, chumba cha mwisho."

Sauti ya mama ikachangamka. "Alhamdu– eeh, Mungu asifiwe! Tutakuja, baba. Hapo hapo kwa mzee Mathias? Siku zote hizo! Sisi tulijua unakaa Dar."

Wiki ile Valerian alifanya kazi kama mtu anayeoza binti. Alihamishia bidhaa chumbani kwa mzee Mathias, akapaka chokaa ukuta wa mbele, akaazima mikeka. Alifungua katoni ya vikombe vya kuuza, vile vizuri vyenye maua, akaviosha kimoja kimoja akavifuta. Aliagiza maandazi. Alinunua picha ya Bikira Maria akaitundika, akarudi nyuma kuitazama, akairekebisha, akarudi nyuma tena.

Ijumaa jioni alikaa kwenye kiti kimoja alichonacho, akatazama mikeka iliyotandikwa tayari. Mkono ukaingia mfukoni. Kwani angefanyaje? Ilikuwa Ijumaa, na fungu la Mungu hutangulia. Tena aliona ni fedheha mwenye nyumba kupokea wageni wa Mungu akiwa hajatoa lake, akaongeza kidogo juu. "Tumsifu Yesu Kristo. Mchango wangu. Valerian." Jibu likaja haraka: "Milele amina. Mungu akubariki, na safari njema." Hayo ya safari aliyasoma mara mbili, akadhani ni mazoea ya vidole vya Dennis. Akalala.

Alfajiri alikuwa ameshachemsha chai. Aliacha mlango wazi, akakaa karibu nao, shati limepigwa pasi. Kukapambazuka. Mama mmoja akapita na ndoo, Valerian akasimama, mama akapita. Akatoka barazani, akarudi ndani, akagusa chupa za chai kuona kama zina moto. Akampigia Mama Emiliana, simu ikaita mpaka ikakata. Alifikiri wamepotea njia. Kisha akafikiri, hapana, wamekumbuka kwamba hawanijui. Wazo hilo lilimuuma kuliko homa ya Handeni.

Ndipo akasikia wimbo. Haukuwa mbali, ulitoka ng'ambo ya reli, sauti za wanawake zikitangulia na za wanaume zikifuata chini. Valerian hakujiuliza mara mbili. Alibeba chupa moja ya chai kwapani, maana hakujua aende mikono mitupu vipi, akavuka reli.

Walikuwa kwa Mama Raheli, mjane anayeuza mboga. Viatu vilijaa mlangoni. Wimbo ulikuwa umekwisha na sasa walikuwa kwenye maombi, macho wameyafumba, na Valerian alisimama kizingitini asiweze kubisha hodi katikati ya sala. Aliwatazama. Hakumjua hata mmoja kwa sura. Mwanamume mwenye miwani huenda ndiye Dennis. Mama mnene aliyeshika rozari, sauti yake aliitambua.

"Tumwombee ndugu yetu Valerian," alisema Mama Emiliana, "ambaye leo tungekuwa kwake, na safari imemchukua tena. Ee Bwana, hatujawahi kumwona, lakini unamjua. Umlinde huko aliko, wala asiwe peke yake. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitika wote.

Valerian aliitika nao. Hakukusudia, ni mdomo ulizoea. Sauti yake ilichelewa kidogo nyuma ya zao, ikabaki peke yake mlangoni, na watu wakafumbua macho.

"Karibu, baba," alisema Mama Raheli, akiinuka kwa heshima ya kumpokea mgeni. "Unamtafuta nani?"

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Valerian. "Mimi ndiye Valerian. Sijasafiri. Nilikuwa nawasubiri nyumbani."

Mama Emiliana alishika kinywa. Yule mwenye miwani alisimama, akatazama chupa ya chai, akatazama uso wa mgeni, uso wa mtu aliyekuwa akimwandikia kila wiki, na aliposema, alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi na kulaumu kwa pamoja.

"Kaka, mimi ndiye niliyewaambia hupo. Jana umetuma. Siku zote ukituma, ndiyo kusema huji. Sasa kama upo, mbona ulituma?"

Valerian alimkumbuka Evodia akifunga kanga alfajiri, na yeye amebaki kitandani ameridhika.

"Nilidhani kutuma nako ni kuja," alisema.