Herufi M Niliyoitetea Dubai

Nilikwenda Dubai kwa sababu ya ubishi. Mwanaidi, binti wa kaka yangu, anafanya kazi huko kwa mama mmoja wa Kijapani. Mama huyo alikuwa akiandaa shindano la mashairi kumkumbuka malenga wa kike wa jumba la mfalme wa kwao, wa karne nyingi zilizopita. Kila shairi liwe na mizani thelathini na moja: tano, saba, tano, saba, saba. Nikasema nitaingia na Kiswahili. Bwana Kombo, mwenyekiti wa chama chetu cha washairi hapa Tanga, akanicheka mbele ya watu.

"Bi Saumu, sisi ni nane kwa nane. Utakwenda kutuaibisha."

Kesho yake nilikata tiketi.

Alhamisi, Al Baraha. Mwanaidi anakaa huko kwenye fleti kuukuu. Alinipikia wali, akanisimulia aliyoyasikia kwa madam wake, yule Mjapani.

"Jina halisi la malenga huyo halijulikani, shangazi. Aliitwa kwa cheo cha baba yake."

Hilo halikunishangaza. Mtaani mimi ni Mama Zubeda, na wengi hawajui jingine. Malenga yule alimtumikia malkia, akashindana mbele ya mfalme, washairi wamegawanywa kushoto na kulia. Barua zao zilikuwa mashairi. Mjumbe husubiri mlangoni, na jibu litoke kabla umande haujakauka. Nikaomba kalamu.

Jumamosi alasiri, Silicon Oasis, sebuleni kwa madam, ambaye ndiye mwamuzi. Nilikaa kushoto. Zamu yangu ilipofika nikasoma:

Mjumbe ngoja,
umande ungalipo,
sijamaliza;
mkono unasita,
moyo umeshafika.

Bwana mmoja wa upande wa kulia, mwenye nakala yangu mkononi, akainua kidole. Ndiyo desturi ya shindano lile, wapinzani kutafuta kasoro. Alikuwa amehesabu irabu, akapata ishirini na tisa. Mwanaidi alinitafsiria huku uso umempauka.

"Khalas, shangazi, tumekwisha."

"Tumekwisha wapi? Mwambie hajaihesabu m."

Mdharau mwiba mguu huota tende, na yeye alidharau herufi moja. Nikasimama, nikapiga kofi kwa kila mizani: "M-ju-mbe! M-ko-no!"

 Kisha madam naye akapiga makofi matatu: "Ni-ho-n." Ni jina la nchi yake. Hata kwao, akaeleza, n husimama peke yake na kuhesabiwa. Akaugeukia upande wetu.

"Anasema kushoto mmeshinda!" Mwanaidi akapiga kigelegele hadi jirani akafungua mlango. Mimi nililia, wala sikuona haya.

Jumanne, Tanga. Bwana Kombo alikuja na pole zake tayari mdomoni. Nikampa karatasi. Alihesabu kwa vidole juu ya meza, akarudia tena. Nilikwenda nikidhani nakiombea Kiswahili nafasi, kumbe nafasi ilikuwapo. Ilihitaji mtu wa kusimama na kupiga makofi tu.

"Thelathini na moja," alisema taratibu. "Sasa huyu mjumbe anangoja nini?"

"Jibu lako, mwenyekiti."

Akaomba kalamu.